Punje Moja, Madarasa Sita

Leo tufuate punje ya maharage. Tuifuate kuanzia Darasa la Kwanza mpaka la Sita, maana hii ndiyo zana ya sayansi ambayo karibu kila aliyepita shule ya msingi hapa kwetu amewahi kuishika: kopo tupu, pamba au udongo kidogo, maji, na punje iliyochotwa nyumbani kabla mama hajabandika sufuria. Wengi wetu tulifanya mara moja tu. Tukaona majani, tukachora, mwalimu akaweka vema, biashara ikaisha. Nami nasema biashara ile haikupaswa kuisha. Punje ile ile ina somo la mtoto wa miaka sita, na ina somo jingine kabisa la mtoto wa miaka kumi na miwili. Ukitaka kujua kama mtoto amekua kisayansi au ameongezeka kimo tu, mrudishe kwenye kopo lake, usikilize safari hii anauliza nini.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mtaala. Mtaala ulioanza Tanzania Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Darasa la Kwanza na la Pili kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, ile KKK tunayoisikia kila siku, na sayansi imejificha ndani ya mambo ya afya na mazingira. Somo lenyewe la Sayansi linaingia kwenye ratiba Darasa la Tatu. Wakenya nao, katika mtaala wao wa umilisi, wanaanza na shughuli za mazingira kwa wadogo, kisha Gredi ya Nne hadi ya Sita ndipo wanakutana na Sayansi na Teknolojia. Ukivuka mpaka wa Namanga, basi, hukuti tofauti kubwa.

Wapo walimu walioichukua KKK kama ruhusa ya kuifungia sayansi kabatini miaka miwili. Hapo sikubaliani nao. Mtoto anayejifunza kuandika anahitaji jambo la kuandika, na anayejifunza kuhesabu anahitaji kitu cha kuhesabu. Kopo lipo dirishani, limhudumie.

Mwambie mtoto wa Darasa la Kwanza achore mche ulioota kwenye kopo lake. Atalitupia kopo jicho mara moja, kisha atainama na kuchora ua lenye petali tano, jua lenye miale pembeni, na pengine nyumba. Amechora mmea aliokuja nao kutoka nyumbani, ule uliomo kichwani. Mwalimu anayejua kazi yake hamwambii amekosea. Analisogeza kopo karibu na kumuuliza: hiki kilichonasa hapa juu ni nini? Mtoto anatazama tena. Safari hii anaiona shingo ya mche iliyopinda. Anayaona mapande mawili ya punje yameinuliwa hewani, bado manene, na gamba jekundu limeng'ang'ania upande mmoja halitaki kudondoka. Anachukua kifutio na kulifuta lile ua. Kwa umri wake hiyo ni kazi nzito, na mimi ningempa alama zake zote hapo hapo, hata kama mchoro wa pili umekuja mbaya kuliko wa kwanza.

Darasa la Pili mtoto ameshika namba. Kuna mbinu ya zamani isiyo na gharama: kila asubuhi anakata kipande chembamba cha karatasi chenye urefu sawa na mche wake, anakibandika daftarini pembeni ya cha jana. Siku za mwanzo hakuna cha kukata. Halafu kinakuja kipande cha upana wa ukucha, kesho yake kirefu kidogo, na baada ya wiki mbili ukurasa una safu ya vipande vinavyopanda. Hajaambiwa kuwa hiyo ni grafu, wala hakuna haraka ya kumwambia. Lakini anaweza kukuonyesha kwa kidole siku ambayo mche ulikimbia kuliko siku zote. Na lazima atatokea mtoto atakayetangaza kuwa maharage hukua sana Jumatatu. Msimcheke. Ameisoma safu yake vizuri, kipande cha Jumatatu kweli kimeruka. Muulize tu kati ya Ijumaa na Jumatatu kumekucha mara ngapi, na kipande cha Jumamosi kiko wapi. Atafikiri, na akishalipata jawabu hutalazimika kumfundisha tena maisha yake yote kwamba kipimo hutegemea umepima lini.

Darasa la Tatu majina yanaanza: mzizi, shina, jani, ua, tunda. Ni sawa, yafundishwe. Ila punje ya maharage sasa itafutiwe mwenzake, punje ya mahindi, ziote pamoja kwenye chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kichwa. Karatasi ya chooni iliyoloweshwa izungushwe ndani, na punje zibanwe kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili kila kitu kionekane. Maharage yatajibeba yenyewe kwenda juu pamoja na mapande yake mawili. Hindi litabaki pale pale chini na kupeleka juu ncha moja iliyojikunja. Kisha mzizi ukishafika urefu wa kidole, ilaze chupa ubavu. Baada ya siku mbili hivi mzizi utakuwa umepiga kona na kushika njia ya chini, na shina limepiga kona yake kwenda juu. Watoto watauliza mzizi umejuaje chini ni wapi. Mwalimu wa Darasa la Tatu halazimiki kulijibu swali hilo. Aliandike kwenye karatasi, alibandike ukutani, likae.

Sasa tumefika Darasa la Nne, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye mlima wenyewe.

Vitabu vina jaribio maarufu la makopo manne. La kwanza lina punje, maji, hewa na joto la kawaida la chumba. La pili ni kavu. La tatu punje zimezamishwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, na juu yake pamemiminwa tabaka la mafuta ya kula ili hewa isipenye. La nne lina kila kitu ila linawekwa kwenye baridi. Shule nyingi hazina jokofu, kwa hiyo kopo hilo linapelekwa kwa Mangi mwenye duka, kwenye friji lake la kizamani lenye mlango wa bati, linalala huko na maziwa yake. Baada ya wiki moja makopo yanapangwa mezani. La kwanza limeota, mengine hayakuota. Darasa linaitikia kwa sauti moja: mbegu inahitaji maji, hewa na joto. Kengele inalia.

Mwalimu asiwaruhusu kutoka. Awaulize: ndani ya friji la Mangi, mlango ukishafungwa, kuna nini? Kuna baridi, ndiyo. Kuna nini kingine? Kuna giza. Kopo la nne limenyimwa vitu viwili kwa mpigo, joto na mwanga. Punje zimegoma kuota, sawa, lakini nani amethibitisha kwamba mkosaji ni baridi? Pengine giza ndilo lililozuia, na baridi inasingiziwa. (Kama friji lenyewe ni lile la soda, la mlango wa kioo na taa inayowaka usiku kucha, kesi inabadilika, na mtoto atakayelisema hilo apewe nafasi alieleze.)

Mtoto wa miaka tisa au kumi, akiachiwa muda, anaweza kuitafutia kesi hiyo ushahidi. Anahitaji kopo la tano: punje zenye maji, hewa na joto la chumba, ila ziwe gizani. Boksi la viatu linatosha. Kwa mtu mzima jambo hili ni dogo, lakini ndilo linalomtenganisha anayejua jawabu na anayejua jawabu limetoka wapi. Kubadili kitu kimoja, kuacha vingine vyote kama vilivyo, kisha kutazama. Fundi wa redio anafanya hivyo, daktari anafanya hivyo, na mkulima anayelinganisha mbegu mbili kwenye tuta moja hafanyi tofauti. Mtoto wa Darasa la Pili hawezi bado. Vitu vinne kichwani kwa wakati mmoja ni vingi mno kwake. Wa Darasa la Nne ndiyo anaanza kuweza. Na ndipo hapo hapo, kwa bahati mbaya, tunapomkatiza, kwa sababu upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne unakaribia na kopo la tano halimo kwenye maswali.

Likifunuliwa boksi la viatu mambo yanakuwa mawili. La kwanza, punje zimeota kama kawaida, kwa hiyo giza limeachiwa huru na baridi inabaki na kesi yake. La pili hakuna aliyelitarajia: miche ya boksini ni mirefu kuliko ya dirishani. Myeupe, myembamba, ina vijani vidogo vya njano, lakini ni mirefu. Kwa vile vipande vya karatasi vya Darasa la Pili, giza limeshinda! Watoto watabishana, wengine watasema mche wa gizani umestawi, wengine watasema unaumwa. Hapo ndipo darasa linapogundua kuwa urefu peke yake si kipimo cha kustawi, na kwamba rula waliyoiamini miaka miwili inahitaji msaidizi.

Haya ninayosema si mageni katika bara hili. Miaka ya 1960 kulikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliofadhiliwa na Marekani, ukawakutanisha walimu na wanasayansi wa nchi zetu: Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana, Nigeria na nyinginezo. Walitunga vijitabu kuhusu vitu vilivyo chini ya miguu ya mtoto, kama mchanga uliolowa, mbu na wadudu wadogo. Kimoja kilihusu yule kidudu anayechimba shimo la duara kwenye mchanga mkavu, akakaa chini yake kungoja sisimizi aporomoke. Kila kijiji kina jina lake na wimbo wa kumwita. Kijitabu kilimtaka mtoto apeleke maswali yake kwa kidudu mwenyewe, asiyapeleke kwa mwalimu. Je, anachimba mchanga mbichi? Ukimwekea unga badala ya mchanga? Anatembea kwenda mbele au kinyumenyume? Mjaribu, atakujibu.

Ilipofika wakati wa kuupima mpango huo nchini Kenya, kazi alipewa Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget, Mswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyofikiri. Duckworth hakutegemea karatasi za maswali. Alikijaza chumba vifaa, akawaingiza watoto kikundi baada ya kikundi, wakaambiwa wafanye wapendavyo, huku wapimaji wakiandika nani amefanya nini na amefika nacho wapi. Watoto waliopitia mpango walikuwa na mambo mengi zaidi ya kujaribu, na waliyafuatilia mbali zaidi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1978. Mpaka leo sijaona namna bora kuliko hiyo ya kujua kama sayansi imemwingia mtoto: mpe vitu, nyamaza, tazama mikono yake.

Turudi kwenye kopo. Darasa la Tano swali linahama kutoka kwenye punje na kuingia kwenye jani. Chukua ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia yenye iodini, inayouzwa duka la dawa. Idondoshee kwenye tonge la ugali, linageuka bluu iliyokaribia weusi. Kwenye kiazi, vivyo hivyo. Kwenye yai lililochemshwa, hakuna kitu. Watoto wameshapata shahidi wa wanga. Mmea wa maharage ukae gizani siku mbili kumaliza akiba, kisha jani lake moja lizibwe nusu kwa karatasi ya foili na mmea upelekwe juani mchana kutwa. Jani hilo linachemshwa kwenye maji, halafu linalowekwa kwenye spiriti ya moto mpaka rangi ya kijani iishe. Mwalimu, tafadhali, spiriti isikae juu ya jiko. Chombo chake kiweke ndani ya maji ya moto uliyokwisha kuyaepua, mbali na moto wowote. Jani lisuuzwe, lidondoshewe iodini. Nusu iliyoona jua inakuwa nyeusi, nusu iliyozibwa inabaki kahawia. Mpaka kati yake umenyooka kama foili ilivyokunjwa. Ule mche mrefu mweupe wa boksini sasa una maelezo: ulikuwa unatumia akiba ya mapande yake mawili, ukirefuka kulitafuta jua ambalo halipo. Ukiukausha kabisa na kuupima, uzito wake ni pungufu kuliko wa punje kavu ulikotoka.

Kisha Darasa la Sita, swali ambalo hata watu wazima linawashinda. Waulize watoto, na ukirudi nyumbani muulize shemeji yako mhandisi: mwembe ule pale nje, mbao zake zote zimetoka wapi? Wengi watasema zimetoka kwenye udongo. Tena wana sababu, kwa maana tangu utotoni tunaambiwa mbolea ni chakula cha mimea. Basi mbona shinani hakuna shimo? Mti wenye uzito wa ng'ombe kadhaa umesimama pale, na ardhi iliyouzunguka haijadidimia.

Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alilipima jambo hili karibu miaka 400 iliyopita. Alipanda mti wa ratili 5 kwenye pipa lenye ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia miaka 5. Mti ukafika ratili 169 na ushee, yaani kama kilo 77. Udongo alipoukausha tena na kuupima ulikuwa umepungua wakia 2 tu, uzito usiofika robo ya robo ya kilo. Akahitimisha kuwa mti wote umetokana na maji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Kinachonifurahisha ni kwamba alikosea akiwa karibu kabisa na jawabu. Ni yeye huyo aliyechoma mkaa na kutambua kuwa sehemu kubwa yake inapotelea hewani kwa umbo asiloweza kulifungia chupani, na ndiye aliyelipa umbo hilo jina la gesi. Gesi ilikuwa mikononi mwake, mti ulikuwa pipani mwake, lakini hakuviunganisha. Leo tunajua kuwa karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kaboni hiyo mmea umeivuta kutoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani, ambayo yenyewe ni kama sehemu nne tu katika kila sehemu elfu kumi za hewa. Mtoto wa Darasa la Sita aliyepitia boksi la viatu na lile jani la foili anaweza kulifikia jawabu hilo kwa kubishana na wenzake. Asiyepitia ataliandika ubaoni kwa sababu limeandikwa ubaoni.

Nimeshika maharage, ningeweza kushika mbu. Mdogo ajue kulala ndani ya chandarua. Wa katikati aone viluwiluwi kwenye kifuu na ahesabu siku mpaka mbu aruke. Mkubwa ajue kwamba viluwiluwi vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji ilhali vya kuleksi huning'inia kichwa chini, akatazame dimbwi la nyumbani kwao lina vipi.

Lakini mtihani, utaniambia. Ni kweli. Swali la kuchagua linasema: kipi kati ya hivi hakihitajiki ili mbegu iote, A maji, B hewa, C joto, D mwanga? Aliyekariri anasiliba D. Aliyefungua boksi anasiliba D. Mashine inawapa alama sawa, na mzazi anapata mkeka wa matokeo unaofanana. Sisemi majina na mambo ya kukariri hayana kazi; mtoto asiyejua mzizi ni upi hawezi kusimulia umepiga kona wapi. Ninachosema ni kuwa mwaka 2027, Darasa la Sita la mtaala mpya na Darasa la Saba la ule wa zamani wamepangwa kumaliza pamoja, na Kidato cha Kwanza watakutana tena na mmea huu kwa Kiingereza. Atakayekuwa amefungua boksi atakuwa anatafuta maneno tu. Mwenzake atatafuta maneno na jambo lenyewe.

Hoja ninayoletewa zaidi na walimu ni wingi wa watoto. Darasa lina watoto mia moja, vifaa hakuna. Kwa jaribio hili, wingi huo ni mali. Kila mtoto alete punje moja na kifuniko cha chupa. Ishirini ziwe kavu, ishirini chini ya mafuta, ishirini kwa Mangi, ishirini boksini, ishirini dirishani. Mwalimu mwenye watoto kumi na punje kumi hapati takwimu, wewe unazo. Tuseme dirishani zimeota 18 na boksini 17. Je, dirisha limeshinda, au ni bahati tu? Warudie wiki inayofuata, wabadilishane makundi, waone kama 18 itabaki 18. Wapige asilimia, maana mwalimu wa Hisabati mara nyingi ni yule yule wa Sayansi. Na zile punje mbili za dirishani zilizogoma wasizitupe. Wazipasue kwa wembe, wasogeze macho, waangalie kama zilikuwa zimebunguliwa.